Unyayo Chini ya Beseni

Niliona mkia tu.
Mwili ulikuwa umeshaingia kwenye mihogo.
Alfajiri, natoka msalani, kopo mkononi,
ukungu wa Rondo umelalia mapaa kama kuku anayeatamia,
na pale kwenye rundo la makapi ya mabibo
aliyokamua Nnunduma kwa ajili ya uraka wake
ukapita: mrefu, wa pete pete,
nyeusi, nyeupe, nyeusi,
na nchani,
hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu,
nchani mweupe, au ulikuwa umande?

Nikarudi na beseni.
Unyayo mmoja ulikuwa mzima kwenye tope la maji ya kuogea.
Nikaufunika, nikaweka tofali juu,
kama mtu anayekinga uji usiingie nzi.

Saa moja na nusu walikuwa watu tisa uani.
Nnunduma akapiga magoti, akanusa, akasema fungo,
fungo mlevi, "na makapi yangu kayalipia kwa kinyesi."
Akacheka peke yake.
Asumini, mke wa mwanangu, hakuinama hata:
"Paka wa kina Nandonde huyo, mama. Rudi ulale."
Kanu, alisema mmoja. Mwingine, nguchiro. Mwingine, panya buku,
ila panya buku mkia wake mtupu,
na huu ulikuwa na manyoya, naapa,
ulifagia umande ukaacha mstari kwenye majani.
Kalembo, darasa la pili, akasema chui,
na ilipofika adhuhuri, huko dukani,
nilikuwa nimekoswakoswa na chui wawili.

Bwana Komba wa misitu alikuja na pikipiki,
yeye mwenyewe kabeba jina la mnyama
lakini hakupenda tumkumbushe.
"Kucha zilionekana?"
Sijui. Nilipima kwa kiberiti, upana sawasawa,
urefu ukazidi kidogo, na hicho kidogo
ndicho sijui kama ni kucha.
"Aliruka au alitembea?"
Aliondoka.
"Ukubwa wake?"
Wa mkia.
Akaandika kitu kwenye daftari, akakikata.
Kisha akaondoa tofali, akafunua beseni,
na kifaranga kilichopenya katika funua-funika ya asubuhi
kilikuwa kimesimama katikati ya ushahidi,
kinakwaruza.
"Sasa hapa," akasema Bwana Komba, "tunatafuta ndege."

Usiku ndipo likanijia.
Baba alikuwa akimjua.
Tukilinda mahindi, mimi wa miaka sita, kichwa pajani pake,
kitu kililia mara moja upande wa msituni
naye akakitaja kwa Kimwera, taratibu,
kama anayemwitikia jirani,
nami usingizi ulishanibeba nusu.
Jina lilikuwa refu. Kichwa chake kimeingia gizani
na kiwiliwili kikafuata.
Nimebaki na kipande cha mwisho, "nje",
nakitikisa, hakitoi kitu.

Nilimpigia dada, Nachingwea.
Nikamwambia, jina la yule mnyama wa baba,
lile lililoishia na nje, unalikumbuka?
Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
"Somoe," akasema, "mambo yote ya baba yaliishia nje."
Tukacheka, kisha hatukucheka,
kisha akaniuliza bei ya korosho.

Kwa hiyo ninao mkia wa mnyama
na mkia wa jina,
na sina hakika kama ni vya kiumbe kimoja.

Leo jioni nimemwaga maji ya kuogea palepale,
nimelilainisha tope kwa kiganja kama anayekanda chapati.
Makapi nimeyaacha. Beseni nimeliegemeza ukutani, tayari.
Bwana Komba alisema ikitokea tena nimpigie, hata usiku,
kisha akakumbuka kwamba usiku huzima simu.

Asumini, msema paka,
amewalaza kuku jikoni.