Bahasha ya Mia na Kumi na Saba

Kwenye kibao chake pale Muthurwa, kwa chaki:
MWAROBAINI. MARADHI AROBAINI.
Bi Syombua hupanga majani mafungu mafungu,
magome kando, mbegu ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia,
na akiona mtu ananyata, mwenye kuuonea ugonjwa wake haya,
huinua sauti:

    Jani chungu linunue, homa yako itatoka,
    sukari ikupungue, minyoo ikaanguka.

Mimi ndiye kijana wa koti jeupe niliyemfuata na fomu.
Kurasa tisa. Alizisoma zote,
kisha akauliza: "Hii kura ni ya nini?"
Nikamweleza. Nusu watapewa jani lililosagwa,
nusu wanga wa mahindi,
kapsuli rangi moja, uzito mmoja,
na mimi nikupaye sitajua nimekupa nini.
Akacheka hadi jirani wa vitunguu akageuka.
"Mganga asiyeijua dawa yake!
Na bado mimi ndiye mnaniita mshirikina."

Wiki kumi na mbili aliuza, hakuonja.
Kila Jumanne alikata njia ya reli kwa miguu,
akapanda hadi kilima cha hospitali,
viatu mkononi Aprili ilipofurika.
Nilimtoboa kidole cha pete
(cha shahada, alisema, ni cha kuhesabia pesa).
Kumi na nne nukta mbili.
Kumi na mbili.
Kumi na moja kasorobo, kwa hesabu yake.
Tisa na ushei.

"Naisikia ikipita hapa kooni," akasema.
"Uchungu wa jani haufichiki.
Nimeujua tangu Kibwezi, nikiwa na meno ya maziwa."
Nikaandika: mshiriki 117 anaripoti uchungu.

Ndani ya kioo, jani ni shujaa. Nimeliona.
Tone moja, na bakteria wanarudi nyuma,
wanaacha duara safi kama uwanja uliofagiwa alfajiri.
Lakini mtu si kioo.
Mtu ana ini, ana deni,
ana chai ya saa nne yenye vijiko vinne.

Agosti, vidole vikiuma kwa baridi, Daktari Otiato akafungua bahasha.
117: wanga.
Waliokula jani walishuka.
Waliokula wanga walishuka.
Kati ya mistari miwili ya grafu, mwanya
ambao ukucha ungeufunika.
"Huenda kuna kitu," akasema. "Huenda ni bahati.
Watu mia mbili ni wachache."

Nilishuka kumwambia mwenyewe.
Alikuwa akifunga fungu la hamsini kwa gazeti la juzi.
"Wanga," akarudia. "Kama wa uji?"
"Kama wa uji."
Mkokoteni wa kabeji ukapita kati yetu, tukaungoja.
"Na ule uchungu?"
Fomu yangu haikuwa na mahali pa kulijibu hilo.
"Na sukari, ilishushwa na nani?"
Nikataja mwendo wa kila wiki. Nikataja vijiko vya chai.
Nikataja, kwa sauti ya chini, mtu anayekuuliza umelalaje
na kungoja jibu.
"Hilo la mwisho," akasema,
"mimi hulitoa bure kwenye meza hii, mwaka wa kumi na tisa sasa."

Kisha: "Katika arobaini, mmepima mangapi?"
"Moja."
"Na hilo moja hamjui."
"Bado."

Akachukua chaki. Nilidhani atafuta.
Chini ya MARADHI AROBAINI, kwa herufi ndogo, akaandika:
moja bado linapimwa.

Nikanunua fungu. Hakunipunguzia hata shilingi.
Nikakipanda kilima, mdomo wote mchungu,
na gazeti bado limefungwa.