Daftari la Syombua

Miaka ishirini na sita nilisoma mita za maji,
Kariobangi, Dandora, hadi vichochoro vya Umoja,
nimeinama na kurunzi juu ya vioo vyenye ukungu,
na kila mwezi mita ya nyumbani kwangu
ilinitia mashakani: namba zake hazikusonga.
Wenzangu walinitania, "Umeichezea, wewe."
Hawakumjua mke wangu.

Maji yalipita mikononi mwake mara nyingi.
Yaliyoosha mchele, yale meupe, yalikwenda kwa dania.
Ya kusuuzia nguo yalipiga deki,
ya deki yakangoja chooni
ndani ya ndoo ya rangi isiyo na mkono,
na ole wako uvute mnyororo siku isiyo Jumanne.

Sabuni ikibaki kama ukucha
aliitia kwenye soksi iliyofiwa na mwenzake.
Dawa ya meno aliipasua tumbo kwa makasi,
tukaichokoa siku tatu zaidi.
Chupa ya mafuta ilisimama kichwa chini
usiku kucha, ikitoa tone, ikifikiri, ikitoa tone.

Maharagwe yalichemka nusu saa tu,
kisha sufuria ikavikwa blanketi la zamani la Mutheu
na kuzamishwa kapuni kama mtoto mwenye homa.
"Moto nimeshaulipia," alisema. "Sasa joto lifanye kazi."

Nami niliona aibu, niseme kweli.
Mwanamume mwenye mshahara,
mkewe anaomba maganda kwa muuza mayai ya kuchemsha!
Aliyaponda, akayashusha kwenye magunia yake,
magunia matano ya sukuma wiki kando ya ngazi,
yamesimama kama askari walioshiba.
Nilipita hapo nikijifanya mpangaji wa ghorofa ya pili.

Mwezi wa nne Mutheu alijifungua, huko Wote.
Syombua akaniachia ufunguo,
tokeni za stima za shilingi mia mbili,
na neno moja: "Usiyaue magunia yangu."

Siku ya kwanza niliwasha taa zote.
Nikanunua mkate wa siagi na soda kubwa,
nikaoga hadi vidole vikakunjamana.
Siku ya sita, saa mbili usiku, giza.
Nikipapasa kabatini kutafuta mshumaa
nikashika daftari.

Lilikuwa la Mutheu, la darasa la saba,
kurasa za nyuma zilizobaki bila hesabu.
Nikalisoma kwa mwanga wa simu,
mimi msomaji wa namba,
namba nisizowahi kuzisoma:

Sukuma ya gunia, sikununua: 20.
Shati la Baba Mutheu, nimegeuza kola: 600.
Amerudi na mkate wa siagi. Kachoka. Sikusema kitu.
Viatu vyake vinaingiza maji. Bado 850.

Nikafunua. Bado 700.
Nikafunua. Bado 490, karo imekula.
Bado 60.
Halafu mstari mmoja, bila namba: Nimevipata.

Nikaumulika mlango.
Vipo pale, vyeusi, soli nene,
nilivyodhani aliviokota Gikomba kwa bahati
asubuhi moja ya mvua.
Miaka mitano nilitembea navyo kwenye mita za watu,
miguu mikavu, wala sikuuliza.

Kesho yake nilipika wali.
Maji meupe nikayakinga, nikashuka nayo.
Sukuma ilikuwa imelegeza masikio.
Jirani akasimama ngazini: "Hilo shamba ni lako?"
"La mke wangu," nikasema, kwa sauti iliyofika ghorofa ya tatu.
Gunia la tano lilipata nusu kopo tu.

Kisha nikaitafuta ile penseli, fupi kuliko kidole cha mwisho,
nikaandika chini ya mwandiko wake:
Maji ya mchele, makopo manne na nusu:
hapo nikakwama,
mimi niliyejua bei ya kila yuniti
kutoka Dandora hadi Umoja.