Mfuko wa Sitini na Moja

Alifika Mnara na rula, mizani ndogo kama ya sonara
na robota la chandarua jeupe lisilotiwa dawa.
"Nishonee mifuko sitini," akasema Chinguile,
"kila mmoja upana wa kiganja, mshono mara mbili,
uzi wa nailoni. Wa pamba wataula."
Akina nani? nikauliza, mguu ungali juu ya pedali.
"Wa chini. Huwaoni, unaona kazi yao."

Nimeshona sare za shule, mapazia ya zahanati,
suruali ya bwana harusi aliyenenepa ghafla.
Wateja wasio na macho sikuwahi kuwapata.

Tukajaza majani makavu, gramu kumi kumi:
ya mvule, ya mtondo,
na sindano za misonobari iliyopandwa Rondo
kabla mama hajanizaa.
Kila mfuko na namba yake kwenye kipande cha bati.
Tukaifukia kina cha kidole,
huko juu ambako ukungu wa alfajiri
hukulowesha kope ukiwa umesimama tu.

Kijiji hakikulala.
Vifuko vyeupe, vimefungwa, vimefukiwa msituni,
na aliyevishona ni mwanamke asiye na mume!
Mjumbe Nampoto akaja na vijana wawili na jembe.
Chinguile akawapigisha magoti,
akamtilia kila mmoja udongo kiganjani: "Nuseni."
"Harufu ya mvua," akasema kijana.
"Mvua haina harufu. Hao ndio wenyewe."
Nampoto akajifuta pua
akataka maelezo hayo yaletwe kwa barua.

Mimi niliyapata bure, njiani, nimebeba ndoo.
Kwamba udongo wa huku juu ni mchanga mwekundu,
mvua ikinyesha huondoka na kila kitu,
na msitu hauna ghala:
kinachodondoka leo ndicho kitakachopikwa kesho.
Kwamba kuna nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko uzi wowote
niliowahi kuutunga kwenye sindano,
zinazotoka jani bovu hadi kwenye mzizi
zikipitisha fosforasi punje kwa punje,
na mti huzilipa kwa sukari.
Kwamba bakteria hutafuna, huachia naitrojeni,
hufa, huliwa na wenzao siku hiyo hiyo,
wala hawakai matanga.

Hapo niliposikia matanga nikatua ndoo.

Mtopwa alivuka Ruvuma kwenda kutafuta rubi.
Mwaka wa kwanza alipiga simu mara tatu.
Mwaka wa pili wakaja watu kusema shimo limeporomoka,
wengine wakasema si shimo lile.
Sikupewa maiti. Sikupewa hata kiatu.
Nilikuwa na kanga niliyoinunua kumngojea,
imeandikwa SIKUDAI RUDI TU,
nikaivaa mpaka ikawa ya kudekia.

Usiku huo nilikata kipande chenye maneno,
nikakipinda kingo zote nne kwa uzi wa polista,
nikakitia kwenye mfuko wa sitini na moja.
Nikaufukia chini ya mtondo, pasipo bati.

Miezi sita, mvua zote zikiwa zimepita, tukafukua.
Mvule: gramu mbili na vumbi.
Mtondo: nne.
Misonobari: nane, mbishi kama mgeni asiyekula cha watu.
Chinguile anaandika, analamba kalamu, anaandika.
Kisha jembe lake likanasa pasipotarajiwa.
"Huu namba ngapi?"
Nikamwambia.
"Uzito wake wa mwanzo?"
Sikuupima.

Akaufungua. Pamba hakuna.
Upindo wangu umebaki, mraba wa uzi ulioshika hewa,
na pembeni kitambaa cha ukubwa wa ukucha:
TU.
Mzizi mweupe, mwembamba kama unywele wa mzee,
umepenya tundu la chandarua
ukajizungusha kwenye mshono wangu mara mbili.

Chinguile akachukua mkasi.
Nikamshika mkono.
Kwenye daftari, mbele ya sitini na moja, pana kistari tu,
na mfuko tumeurudisha.