Kidole cha Shahada

Daktari aliniambia nifungue kiganja,
akahesabu kimyakimya kama muuza ndizi:
gumba lipo; cha shahada hakipo;
cha kati nusu; cha pete na cha mwisho vizima.
Kisha akaandika asilimia.

Sikujua, mpaka siku hiyo,
kwamba mkono wa mtu una bei iliyopigwa chapa,
pingili kwa pingili,
katika jedwali la serikali ya Singapuri.
Gumba ni ghali. Cha mwisho ni rahisi.
Mama yangu kule Netrokona
alivisugua vyote kwa mafuta ya haradali, bila kubagua.

Ilikuwa Jumanne, ghorofa ya kumi na tisa,
mvua imekatika, nondo zinateleza kama kambare.
Mashine ya kuzikunja ilikuwa na kifuniko cha usalama,
nacho kilikuwa sakafuni,
kimegeuzwa meza ya birika la chai la msimamizi.
Sikusikia maumivu.
Nilisikia glavu imekuwa nyepesi.

Bwana Koh hakuita gari la wagonjwa.
Gari la wagonjwa lina king'ora,
na king'ora huamsha wakaguzi.
Alinipakia nyuma ya lori, kati ya mifuko ya saruji,
na njiani akanifundisha kusema, kama mtoto wa chekechea:
"Mlango wa bweni umekubana. Haya, sema."
Nikasema.

Kliniki ya kampuni ilinipa siku mbili
na kazi nyepesi: kufagia.
Chanda chema huvikwa pete;
changu kilivikwa shashi, kikaambiwa kishike ufagio.

Usiku, simu ya nyumbani,
nilikuwa mtu wa mkono wa kushoto.
"Mbona hupungi kwa mkono wa kulia?" aliuliza mke wangu.
Nikasema kamera imeharibika upande huo.
Akanyamaza. Si mjinga, Rokeya.
Shamba liko kwa mkopeshaji mpaka nimalize deni la wakala.

Ni Bi Geok Lan, anayegawa wali wa bure Alhamisi,
aliyeweka kijiko chini akaniambia:
"Sheria haiulizi kosa ni la nani.
Inauliza: uliumia kazini, au hukuumia?"
Nilimwomba arudie. Akarudia.
Nikaandika kwa kushoto, herufi zikienda upande kama kaa.

Miezi kumi na moja.
Kibali changu kipya kinasema: ruhusa kukaa, marufuku kufanya kazi.
Yaani hata mkono uliobaki nao wamenikata.
Kidole kimoja hakivunji chawa, nilijua,
nikamwendea Shahjalal, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwangu siku ile.
Akatazama viatu vyake. Ana binti watatu.
Nikaondoka bila kinyongo; karibu bila kinyongo.
Saa nane za usiku simu ikalia mara moja:
picha ya birika, mvuke bado unapanda,
kifuniko chini yake, tarehe pembeni.
Hakuandika neno. Asubuhi namba yake haikupatikana.

Katika sala, nikifika kwenye shahada,
kigutu hujiinua chenyewe.
Sijui kama kinahesabiwa. Sijamuuliza imamu.

Siku ya kikao, wakili wa kampuni alisoma:
"Wewe mwenyewe ulisema ni mlango."
Nikamwambia mkalimani amweleze vizuri,
asipunguze, asipambe:
Ndiyo, nilisema.
Nilikuwa nimeshika kikombe cha plastiki,
na ndani ya kikombe kulikuwa na kidole changu.

Afisa akaacha kuandika. Akaitazama ile picha.
Akauliza nani aliyeamuru kifuniko kiondolewe.

Nikanyoosha mkono wa kulia, kwa mazoea.
Hakukuwa na kitu cha kuonyesha nacho,
ila wote mezani, afisa, wakili, mtu wa bima,
waliifuata ile nafasi tupu hadi ilikoelekea,

na Bwana Koh, ndani ya shati lake jipya,
akageuka kutazama nyuma yake,
akakuta ukuta.