Mpira wa Bwire

Bustani yetu ina bembea nne, nzima mbili.
Ukiwahi kabla misa ya pili haijatoka, unapata moja;
ukichelewa, unapata foleni.
Mbuke huwahi. Mimi nabeba chupa ya chai,
viazi vya kuchemsha, na mkeka unaonuka moshi wa jikoni.

Vuli ile Shija alikuwa na mpira wa bluu,
zawadi ya kuacha kunyonya kidole.
Mvua ilinyesha, ikakatika, ikajuta, ikarudi.
Tukajibanza chini ya jabali, sisi watano na pimbi wawili
waliotukodolea macho kama wenye nyumba siku ya kodi.
Jua lilipotoka Shija akapiga shuti moja:
mpira ukavuka ukingo wa mawe, ukaketi juu ya magugu maji,
na magugu, kama mgeni aliyetazama saa,
yakaaga.

Alilia hadi Mabatini.

Januari wadudu wa ziwani walisimama nguzo kwa nguzo,
ukadhani kuna mtu anachoma takataka katikati ya maji.
Upepo ukawageuzia kwetu. Tulikula midomo nusu wazi.
Kabula akahesabu waliozama kwenye chai yake: kumi na tisa.
“Kunywa,” akasema bibi yake, Nyanzala,
“hao ni dagaa wasiojua kuogelea.”

Masika hatukwenda.
Yaani, tulikwenda mara moja,
tukakuta ziwa limeingia bustanini bila kiingilio,
limekalia benchi letu.
Tukalitazama chini ya miavuli, nalo likatutazama.
Tukarudi nyumbani kucheza karata.

Julai nyasi zilikuwa rangi ya ganda la mkate.
Maji yalikwisha rudi kwao, yameacha mstari wa mabaki:
kandambili ya kushoto, mfuniko wa sufuria,
na mpira.

Mwekundu. Umechubuka.
Na kwa wino mzito: BWIRE, LA TATU B.

Shija aliushika kama yai la mtu.
“Baba, Bwire ni nani?”
Sijui. Wa Ukara, labda. Labda wa Musoma,
labda wa mtaa wa pili tu.
“Naye alilia?”
Nikajifanya natafuta chumvi.
“Huenda wako uko kwake,” Mbuke akasema,
akaendelea kumenya kiazi.

Tuliuchezea hadi Septemba, ila kwa adabu,
kama watu waliolala kitanda cha ugenini.

Jumapili iliyopita vuli imerudi, na magugu nayo.
Shija akauweka mpira palepale,
akarudi nyuma hatua tano, akanitazama, akapiga.
Ukavuka mawe.
“Umeteleza,” akasema.

Nalijua shuti la mwanangu. Halikuteleza.
Usiku nimemwona Kabula akimwandikia, ubavuni mwa mpira,
jina lake, la kwanza A, Mwanza,
na chini, herufi zikibanana:
*wa bluu hajambo?*

Nikageuka kumwambia mama mkwe.
Hakuwepo mkekani.
Alikuwa kwenye bembea, ile ya mnyororo mfupi,
kanga imefungwa kibwebwe, miguu haigusi chini,
na foleni ya watoto kumi na mmoja
ikisubiri, kimya, atakaposhuka.