Maelekezo kwa Mgeni wa Chumba cha Tatu

Tokea lango dogo; lile kubwa lina kutu, litakuchafua.
Shika kulia, njia ya Ras Kazone, na usiharakishe, Bwana Rwechungura.
Daktari wako kasema utembee, hakusema ukimbizwe.

Saa mbili asubuhi jua bado lina adabu.
Ukichelewa hadi saa tano, beba kofia, na lawama zako mwenyewe.

Hesabu mikungu. Wa nne umeinamia barabara
kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
Hapo bahari itakuchungulia mkono wa kushoto.
Maji yakiwa yamekupwa utaona matope yanang'aa,
na kaa wadogo wanaoingia mashimoni
kabla hujaamua kama umewaona.

Mbele kidogo kuna benchi la saruji.
Mguu mmoja umetitia, kwa hiyo kaa upande wa kusini.
Kisiwa cha Toten kiko mbele yako, kimya,
kama mtu aliyenuna na hataki kuulizwa.
Pale marehemu Shekuwe alikuwa akimenya machungwa ya Muheza,
ganda moja, refu, lisilokatika,
kisha ananivisha mkononi kama bangili.
Hilo halihusiani na njia. Endelea.

Ukisikia kengele ya baiskeli nyuma yako, usiruke.
Hapa Tanga baiskeli ndiyo mwenyeji.
Geukia kwenye nyumba ya madirisha ya buluu;
mbwa wao hubweka tu, meno aliyamaliza zamani.
Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi.
Chai utaikuta mezani.

*

Alirudi saa nne na robo, viatu mkononi,
mchanga hadi kwenye ndevu.

"Mkungu wa nne ni kisiki," akasema.
"Madirisha ni ya kijivu.
Na yule mbwa, Bi Mwatumu, meno anayo."

Nikamimina chai. Ikafurika kisosi.
Miaka tisa goti langu halijavuka lango,
na kila mgeni nampa karatasi hii hii,
nao hurudi wakisema ahsante, pazuri.

"Na benchi?"

Alikoroga sukari mpaka nikataka kumnyang'anya kijiko.

"Benchi lipo. Mguu wa pili nao umetitia.
Sasa limekaa sawa."

Nikachukua kalamu.
Nikafuta buluu. Nikamrudishia mbwa meno.
Penye benchi nikakata "upande wa kusini",
nikaandika: kaa popote.