Shavu la Kushoto

Umeniuliza, kijana, lipi zuri kuliko yote.
Umekuja na daftari, na miaka, na nguvu za farasi,
na picha za mnada zenye bei ya kununulia mtaa mzima.
Kula kwanza. Mkate huo wa kukaanga ukipoa ni soli ya kiatu.

Mimi nilishona viti. Miaka thelathini na mmoja,
cherehani ya pili kutoka dirishani, kiwandani kule nje ya Modena,
ambako ukungu wa Novemba huingia bila hodi
ukajilaza juu ya meza kama paka.
Simjui dereva hata mmoja. Naijua ngozi.
Ya ng'ombe aliyekwaruzwa na seng'enge sikuipokea,
hata msimamizi apige meza.

La kwanza kunikaa moyoni lilikuwa la kijivu,
pua ndefu, kama mbwa wa mawindo aliyenusa kitu vichakani.
Likaja jekundu la kiuno chembamba;
wanaume waliacha supu ipoe wakilitazama likipita.
Kulikuwa na lile la taa zinazofumba,
lasinzia mchana kutwa, lafumbua macho usiku tu,
kama Delfina, mke wa mwokaji mikate.
Na lile la manjano lililomchefua mama yangu.
"Limechutama kama chura," akasema. Nikabisha.
Siku hizi sibishi: chura naye ana uzuri wake
nukta ile kabla hajaruka.

Hayo yaandike. Yote mazuri.
Lakini wewe umesema kuliko yote.

Basi walikuwako ndugu wawili, wagonga bati,
Learco na Ermete, wana wa Bondavalli mhunzi.
Walikosana kwa shamba la baba, mipea kumi na minne,
na kwa jambo jingine ambalo halikuhusu.
Miaka tisa hawakuambiana hata "nipishe."
Msimamizi akaliweka gari katikati yao:
Learco kushoto, Ermete kulia,
kila mtu na nyundo yake ya mti
na mfuko wake wa ngozi ulioshiba mchanga,
na alumini ikigongwa, ikizungushwa, ikigongwa,
hadi ikakumbuka kwamba ni mgongo.

Nilikuwa nikisikia toka chumba cha viti.
Wiki ya kwanza nyundo zilipigana vikumbo.
Ya pili, mmoja akinyamaza, mwingine akangoja.
Ya tatu, sijui nani alianza,
ta-ta, ta.
Ta-ta, ta.
Kushoto akauliza, kulia akajibu.
Sisi wanawake tukaondoa miguu kwenye pedali
tukasikiliza mazungumzo ya miaka tisa.

Likatoka bila rangi, bati tupu,
likasukumwa uani asubuhi ya barafu,
na Oriella wa hesabu, asiyesifu kitu,
akavua glavu akaligusa.

Pima, kama umekuja na utepe.
Shavu la kushoto limelizidi la kulia upana wa kidole.
Wahandisi walijua. Mmoja alitaka livunjwe, lianzwe upya.
Learco akasema, mbele ya ndugu yake:
"Atakayeligonga, nami nitamgonga."
Ermete akacheka kwa pua.
Basi, ni hilo tu. Hawakukumbatiana.
Mipea iliuzwa vilevile.

Leo liko kwa tajiri, nchi sijui ipi,
amelipaka nyekundu, halijanyeshewa miaka ishirini.
Nasikia wanaolizunguka husema lina kitu, hawajui ni nini;
kwamba ukilitazama usoni
ni kama limesikia jina lake likiitwa
na liko karibu kugeuka.

Viti vyake? Ndiyo, ni mimi.
Vyote viwili, cha kushoto na cha kulia,
uzi mmoja, mishono sawa.
Nilihesabu, kijana, nikarudia kuhesabu.
Nisingethubutu kuzidisha hata mmoja.